Kumshusha Bi Stumai ili Ainuliwe

Ninyi mnaoishi katika nchi zinazokwenda sawasawa mtadhani haya yametungwa. Lakini nchi ya Heriheri haina haja ya kutungiwa kitu, yenyewe inajitosheleza. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko shule, na umaskini wake haujapungua hata chembe tangu uhuru, kwa sababu unatunzwa na wataalamu.

Mwaka huo serikali ilizindua Ubia wa Jamii wa Kumkomboa Mwenye Kipato cha Chini. Wabia walikuwa wanne: Wizara ya Kujitegemea kwa Watu Wengine, Benki ya Amana na Subira, shirika la ng'ambo lililoitwa Marafiki wa Mbali, na Jamii yenyewe. Katika vikao vyote Jamii iliwekewa kiti, chupa ya maji na soda baridi. Haikuwahi kutokea, maana vikao vilifanyika saa za kazi na Jamii ilikuwa inatafuta riziki. Waliokuwapo wakakubaliana kwamba Jamii imeunga mkono kwa kunyamaza, wakagawana soda yake.

Sasa, nyuma ya soko kuu, mtaa wa Kwa Mahamali, alikuwapo mjane mmoja, Bi Stumai, muuza supu ya makongoro, ile ya kwato za ng'ombe. Alianza na kisufuria cha kupikia uji wa mtoto, akapanda taratibu, hadi akawa na sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake bila kukunja magoti. Kwa sufuria hiyo alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili na kuezeka kimoja, na mabati ya cha pili yalikuwa yameegemezwa ukutani yakisubiri misumari. Hamali wa soko, wasukuma mikokoteni na wapakuzi wa magunia walimjaa kila asubuhi. Supu yake ilikuwa nzito, na maneno yake yalikuwa mazito kuliko supu.

"Kunywa upishe wenzako," alikuwa akimwambia mtu. "Bakuli si kioo. Hata ujitazame vipi, uso ni huohuo."

Neno moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni ufunguzi. Kila mfanyabiashara wa Kwa Mahamali alijua kwamba mteja wa kwanza ndiye anayeifungua siku. Lazima alipe taslimu, na bei haivutani. Akikopa, siku nzima itakuwa ya mikopo, akila bure, siku imefungwa kwa kufuli. Kwa hiyo Bi Stumai alikuwa na mtu wake wa kufungua, Mzee Likunja, hamali wa zamani ambaye mgongo ulimshinda, sasa akiishi kwa kushona magunia yaliyopasuka. Mzee huyo hakuwa na kitu, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Akitoa sarafu yake ya kwanza, supu huisha kabla jua halijawa kali.

*

Mratibu wa Ubia, Bwana Shadhili Mkomwa, alifika mtaani ndani ya gari lenye baridi kali kiasi kwamba alishuka akiwa amevaa sweta. Alifuatana na mpiga picha. Alikuwa anatafuta maskini.

Wa kwanza kumwona alikuwa Mzee Likunja, juu ya gunia lake, karibu na meko ya Bi Stumai.

"Mzee, unamiliki nini?"

"Mgongo mbovu, baba."

"Na kipato?"

"Huwa kinapita tu. Hakijawahi kulala kwangu."

Mratibu akamvuta mpiga picha pembeni.

"Huyu ni maskini kweli," mpiga picha akasema.

"Amezidisha," akajibu Mratibu. "Mradi wetu ni wa miezi mitatu. Huyu kwa miezi mitatu hata kukaa wima hawezi. Tukimchukua, atatuharibia takwimu."

Ndipo akamtazama Bi Stumai: mkono kiunoni, upawa hewani, anamsema hamali aliyetaka nyama mbili kwa bei ya moja. Bwana Mkomwa alikuwa mtu wa elimu, akaona mara moja kwamba katika mtaa mzima, anayeweza kusimama kwa uhakika ndani ya miezi mitatu ni yule aliyekwisha kusimama. Taabu ni kwamba aliyesimama hainuliki. Wabia wakaenda kulitafakari jambo hilo hotelini, kando ya ziwa, kwa wiki nzima, maana umaskini ni mada inayochosha na hutaka upepo. Wakarudi na Mkakati wa Kumshusha Kwanza.

*

"Hongera, mama," akasema Bwana Mkomwa. "Umechaguliwa kukombolewa."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye umaskini."

"Huko sijafika, mwanangu."

"Ndiyo maana tumekuja. Tutakufikisha."

Bi Stumai akaacha kukoroga. Mratibu akamweleza kwa upole kwamba Ubia utaichukua sufuria na kukaa nayo miezi mitatu, ili yeye apate kipindi chake cha uhitaji. Baada ya hapo Mheshimiwa Waziri atakuja mwenyewe, na wapiga picha, kumkabidhi nyenzo ya kuanzia maisha.

"Nyenzo gani?"

"Sufuria."

"Sufuria yangu hii?"

"Wakati huo itakuwa imeboreshwa."

"Na nikikataa?"

"Mama, mradi ni wa hiari kabisa," akasema Bwana Mkomwa, akiwa ameumia moyo kidogo. "Asiyejiunga kwa hiari anavunjiwa banda."

Watu wawili wakaipakia sufuria nyuma ya gari, bado ina joto. Hamali waliokuwa na mabakuli mikononi wakabaki wameyashika, kama watu waliofika msibani na sahani.

"Bibie," Mzee Likunja akauliza, "mimi wamenipita kwa nini?"

"Wamesema hutanyanyuka."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi maskini kama mimi ana kinga," akasema, akaendelea kushona gunia lake.

*

Kipindi cha uhitaji kilikwenda vizuri sana, kwa maneno ya wabia. Bi Stumai alipewa fulana iliyoandikwa NINAINUKA, akapelekwa kwenye semina ya akiba. Mwalimu alitoka Benki ya Amana na Subira, kijana nadhifu aliyekuwa akinywa maji kila baada ya sentensi.

"Mtu hali kipato chake chote," akafundisha. "Lazima abakize."

"Mimi nibakize kipi?" akauliza Bi Stumai.

"Kile utakachokuwa nacho."

"Na leo nile kipi?"

"Hilo ni somo la awamu ya pili, mama."

Mwezi wa kwanza alikula alichokuwa ameweka. Mwezi wa pili akaanza kula mabati. Fundi mmoja aliyanunua kwa bei ya kutupa, moja moja, na kila Bi Stumai alipotazama ukutani aliona chumba chake cha pili kinaondoka kwa miguu. Hamali walihamia kwa muuza chai ya rangi upande wa pili wa soko, wakawa wanabeba magunia huku magoti yanagongana. Taarifa ya Ubia ikasema kwamba umaskini wa mlengwa umefikia kiwango cha kuridhisha, na kwamba mlengwa ameonyesha ushirikiano mkubwa katika kukonda.

Siku ya makabidhiano ilipokaribia, Bwana Mkomwa alipita kumkumbusha kwamba supu lazima iwepo. Waziri atakunywa mbele ya watu.

"Makongoro yatanunuliwa na nani?"

"Wewe, mama. Sisi tunafadhili nyenzo. Tukikununulia na nyama, utategemea."

Akauza mabati yaliyobaki, yote kwa mpigo. Sasa ukuta ulikuwa mtupu. Alichokuwa nacho duniani ni kwato za ng'ombe, ndimu na pilipili, na asubuhi moja ya kuviuza. Supu ikiisha, kesho atanunua kwato nyingine na ataendelea. Supu isipouzika, hatakuwa na cha kununulia hata kwato za mbuzi.

*

Siku ilifika, mahema yakafika kabla ya jua. Sufuria ililetwa imefunikwa kitambaa cha bendera, na Bi Stumai akaruhusiwa kuifunua mapema ili apike.

Ilikuwa imeboreshwa. Kila mbia alitaka aonekane, kwa hiyo kila mbia alikuwa amepigilia kibao chake cha shaba ubavuni mwa sufuria. Juu kabisa kilikaa cha Wizara, kikubwa kama sinia. Chini yake cha Benki, kisha cha Marafiki wa Mbali, na chini kabisa, karibu na kitako, kilibanwa kibao kidogo cha Jamii, kipana kama kiganja. Vyote vilikazwa kwa misumari ya ribiti, na kila ribiti ilikuwa imetobolewa tundu lake. Bi Stumai akaingiza kichwa ndani ya sufuria. Akauona mwanga wa asubuhi unapita kila upande, kama yuko ndani ya chujio.

"Bwana Mkomwa, hii itavuja."

"Mama, leo ni siku ya furaha. Mambo ya kiufundi yana kikao chake."

Bi Stumai akakanda unga, akaziba matundu kwa vinyunya, akawasha moto na kumwomba Mungu wageni wawahi.

Wageni hawakuwahi. Mheshimiwa Gwasuma, Waziri wa Kujitegemea kwa Watu Wengine, alifika supu ikiwa imeiva mara mbili. Hamali wote wa soko walikuwa wamekwishafika, wamezuiwa nyuma ya kamba na askari, kwa kuwa itifaki ilikataza mtu yeyote kuonja kabla ya Waziri. Harufu iliruka kamba bila kibali, na matumbo yao yakaanza kutoa maoni.

Waziri akasimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi, kujitegemea ni nini? Kujitegemea ni kujitegemea." Makofi. "Serikali yenu haitapumzika mpaka kila mtu asimame kwa miguu yake miwili, na mwenye mguu mmoja, kwa huohuo mmoja." Makofi tena. "Mama huyu alikuwa hana kitu. Nani alimfanya awe na kitu?"

"Nani alimfanya asiwe nacho?" hamali mmoja akauliza, si kwa sauti kubwa sana.

Kinyunya cha kwanza kililegea katikati ya aya ya tatu. Tone likaangukia motoni likasema *chwi*. Likafuata la pili. Bi Stumai akabonyeza tundu kwa pembe ya kanga, likazibuka jingine. Waziri alipoanza kueleza historia ya Wizara, supu ilikuwa imeshuka hadi ukingo wa chini wa kibao cha Wizara. Alipoanza kuishukuru Benki, ilikuwa inaishukia Benki.

*

Hatimaye mshereheshaji akatangaza kwamba Mheshimiwa atakunywa bakuli la ufunguzi. Bi Stumai akachota, akakamua ndimu, akashika bakuli kwa mkono wa kushoto na kunyosha wa kulia.

Waziri akaupokea mkono, akautikisa. Watu wakapiga makofi, picha ikapigwa.

Bi Stumai akanyosha mkono tena. Waziri akautikisa tena, kwa uchangamfu zaidi.

"Nashukuru kwa salamu, baba," akasema Bi Stumai. "Sasa nipe hela ya supu."

Makofi yakakatika, *chwi* zikaendelea motoni.

Hapa yafaa msomaji aelezwe jambo. Katika Heriheri cheo hupimwa kwa wepesi wa mfuko. Karani hutembea na noti. Mkurugenzi hutembea na mtu anayetembea na noti. Waziri hatembei na chochote, wala walio naye, kwa sababu popote waendapo hulishwa. Mheshimiwa Gwasuma hakuwa ameshika hela kwa mkono wake tangu siku aliyoapishwa, na alilitaja hilo katika hotuba zake kama ushahidi wa uadilifu.

"Mama," Bwana Mkomwa akanong'ona, jasho likimtoka ndani ya sweta, "huyu ni Waziri."

"Namwona. Ni mteja wa kwanza pia. Mteja wa kwanza hali bure kwangu, hata awe malaika."

"Tutakulipa baadaye. Malipo yatapita Hazina, yatatangazwa zabuni..."

"Supu yangu inapita kwenye matundu yenu, mwanangu. Haisubiri zabuni."

Meneja wa Benki akasogea na tabasamu, akachomoa kadi inayong'aa.

"Irudishe mfukoni isilowe," akasema Bi Stumai.

Bwana Mkomwa alikuwa tayari kuwaita askari. Waziri ndiye aliyemzuia, na sababu yake hakuisema. Mama yake mzazi alikuwa muuza vitumbua. Aliwahi kumwona akimfukuza mjomba wake kwa mwiko asubuhi moja, kwa kosa la kuchukua kitumbua cha kwanza bila kulipa, na siku hiyo kweli vitumbua vilidoda hadi jioni. Uwaziri wa mtu unaweza kumtoka, mkosi wa ufunguzi hautoki. Akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa wa suruali. Katibu wake akapapasa mifuko yake, akatoa kichana. Msafara mzima uliokuja kuwafundisha watu habari za fedha ukawa unajipapasa kama watu walioingiwa na siafu.

"Benki imekwisha," hamali wa mbele akawatangazia wenzake, akichungulia usawa wa supu. "Sasa tunaingia Marafiki wa Mbali."

"Bi Stumai, tupe sisi kwanza," mwingine akaita. "Hela tunayo."

"Mnayo, lakini kamba haimwachii mtu kabla yake," akajibu. Sauti yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, haikuwa na nguvu. Alikuwa anaitazama supu. Kila tone lilikuwa kipande cha bati.

Mzee Likunja akainama chini ya kamba, polepole kwa ajili ya mgongo. Askari alitaka kumrudisha, akaona haya. Mzee akafika mbele ya Waziri, akaushika mkono wake, akaufungua vidole kama anavyofunguliwa mtoto, akaweka sarafu katikati.

"Chukua, baba. Nilikuwa ninywe mimi."

Waziri akaigeuza ile sarafu, kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni na kumkuta amedhoofu.

"Siku hizi imekuwa ndogo hivi?"

"Imekuwa ndogo siku nyingi," akasema Mzee Likunja. "Mpe mama wa watu, inamwagika."

Waziri akalipa. Bi Stumai akaigusisha sarafu kwenye paji la uso, akaifunga pembeni mwa kanga, akamkabidhi bakuli. Siku ikafunguka. Kamba ikalala chini bila mtu kuikata, hamali wakafika kama maji yaliyovunja ukingo, kila mmoja na hela yake mkononi, na Bi Stumai akachota kwa mikono miwili huku akiwatukana kwa mapenzi yote ya miezi mitatu. Walikunywa mbio, wakishindana na matundu. Supu ilipofika usawa wa Jamii ndipo ilipokwisha, na iliishia kwenye mabakuli.

Waziri alikuwa amechuchumaa kati ya hamali wawili. Alimaliza, akanyosha bakuli lake bila kusema, kama wanavyofanya wote wanaojua kwamba mchuzi wa nyongeza haulipiwi.

"Mheshimiwa, mchuzi umekwisha," akasema Bi Stumai. "Na nusu ya supu uliyokunywa ilikuwa ya aliyekulipia. Ungempa."

Waziri akatazama bakuli tupu. Akamtazama Mzee Likunja.

"Kesho utaninunulia, baba," Mzee akamwambia. "Ukipata."

*

Redio ya taifa ilisema jioni hiyo kwamba mradi umevuka lengo. Ulikuwa umetarajia kumkomboa mtu mmoja, lakini hesabu za mwisho zilionyesha wawili: mama muuza supu, na mwananchi mwingine wa makamo, asiye na hela mfukoni, aliyewezeshwa kupata mlo kwa nguvu za jamii. Jina la wa pili halikutajwa, kwa heshima.

Bi Stumai alinunua kwato kesho yake. Sufuria aliipeleka kwa fundi bati, akamwambia azibe. Fundi akauliza azibe kwa kitu gani, maana bati limepanda bei. Bi Stumai akamwonyesha vile vibao vinne. Fundi akaving'oa, akavigonga hadi vikawa laini, akavilalisha juu ya matundu na kuvilehemu, maandishi yakitazama ndani kwenye mchuzi. Ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa wabia hao kuzuia kitu kisivuje.

Miezi kadhaa baadaye gari lenye baridi lilirudi. Ukutani pa Bi Stumai palikuwa na mabati manne mapya. Bwana Mkomwa akashuka na sweta yake, amechangamka. Wabia wamefurahishwa mno na matokeo, akasema, na sasa wanataka kuyarudia. Mtu aliyefanikiwa atashushwa tena, mara hii kwa miezi sita, ili ainuke juu zaidi.

"Kwa hiyo, mama, unaendeleaje? Umesimama?"

Bi Stumai akayatazama mabati. Akamtazama Mzee Likunja, naye mzee, bila kuulizwa, akasogea kwenye gunia lake na kuacha nafasi. Bi Stumai akaweka upawa chini, akakaa, akanyosha miguu mbele ya Mratibu.

"Hapana, mwanangu."

"Lakini naona unauza."

"Najisukuma tu. Mgongo."

"Tukikushika mkono, huwezi kuinuka kwa miezi sita?"

"Labda kumi na mbili."

"Miezi?"

"Miaka."

Bwana Mkomwa akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeona rangi mbichi karibu na suruali yake. Akamtakia afya njema, akauliza kama kuna mtu mwingine hapa mtaani anayejiweza. Hamali wote waliokuwa na mabakuli wakakaa chini, mmoja baada ya mwingine, wakishika viuno. Mratibu akatikisa kichwa kwa masikitiko juu ya mtaa huo, akapanda gari, akafunga kioo.

Gari lilipokata kona, Bi Stumai akainuka, akakung'uta vumbi kwenye kanga na kuokota upawa.

"Haya, nani alikuwa hajaongezewa mchuzi?"